Kiti cha Neema na Breki za Deno

Nilikwenda Gilgil kwa hasira, nisidanganye mtu. Ijumaa nilitoka kazini nikakuta kiti cha nyuma cha Subaru yetu kimelala kwenye veranda hapa Rhonda, Nakuru, na kile kidogo cha binti yetu Neema kimepandishwa juu yake kama kuku anayeatamia. Mume wangu, Deno, alikuwa ameving'oa ili gari liwe jepesi. Alikuwa amealikwa kukimbiza gari kwenye uwanja wa mbio huko Gilgil, na alitaka iwe desturi ya kila mwezi. Hakuniuliza. Gari hilo hilo ndilo linalomteremsha Neema shuleni, na chini ya mteremko wa kwenda shuleni akina mama wanauza mboga. Nikamwambia sawa, lakini nakuja nione hicho kinachomnyima mtoto wangu kiti.

Jumamosi asubuhi tulimwacha Neema kwa nyanyake, tukashika njia. Ekzosi mpya ilinguruma, na bila kiti cha nyuma kila kokoto lililia ndani kama mahindi kwenye debe. Deno alinisomea mazuri yake: springi fupi, tairi laini, pedi mpya za breki. Nikamuuliza kuhusu oili ya breki. Akasema hiyo haijawahi kumsumbua.

Kikopey, penye vibanda vya nyama choma njiani, tulikutana na wenzake wa mbio. Wanaume wazima walikuwa wanakula mbavu asubuhi yote hiyo, boneti zimefunguliwa, kila mmoja anaonyesha kinachong'aa. Oili ya breki haing'ai, kwa hivyo hakuna aliyeitaja.

Uwanja wenyewe ni lami ya mtu binafsi nyuma ya Gilgil. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye jaketi ya rangi ya machungwa. Alikaza nati za magurudumu, akatikisa betri, akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu, maana breki zilikuwa bado baridi. Akamwambia Deno aanze polepole. Deno akaenda polepole mzunguko mmoja tu, kisha akaongeza mwendo.

Nilikuwa nimesimama karibu na kona ya mwisho nilipoona taa za breki zinawaka, zinazima, zinawaka tena, na gari halipunguzi mwendo. Likaikosa kona, likaingia nyasini, na vumbi jeupe la upande ule wa machimbo ya Kariandusi likalimeza. Nilikimbia. Vumbi lilipotua, Deno alikuwa ameshika usukani, mzima, mweupe kama aliyelala kwenye unga wa posho mill.

"Mama Neema," akasema, "pedali imeenda mpaka chini."

Matusi niliyoyapanga tangu Ijumaa sikuyaona tena. Nilimgusa kichwa, mabega, magoti, vile ninavyomgusa Neema akianguka.

Deno amekulia kwenye malori ya babake, na malori yakishuka mlima, magurudumu humwagiwa maji yapoe. Kwa hivyo alitoka moja kwa moja akachukua mtungi wa maji.

"Boss, weka hiyo chini," msimamizi akamwambia. "Diski ya breki ikiwa moto hivi, maji yataipasua, utarudi Nakuru kwa miguu."

Akatueleza kwamba oili ikizeeka hunywa maji, na breki zikipata moto inachemka, unabaki unakanyaga mapovu. Kisha akanigeukia.

"Dada, hii gari inabeba mtoto?"

"Kila siku."

"Basi shukuru imekufia hapa."

Breki zilipopoa, Deno alilala chini na spana, mimi nikakaa kwenye usukani. Akawa ananiambia: Kanyaga. Shikilia. Achilia. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Tulimimina mpya tuliyopewa na msimamizi mpaka pedali ikasimama imara.

Kurudi niliendesha mimi, taratibu, nikiijaribu breki kila mara. Tulipofika Rhonda, Deno alirudisha viti kabla hata ya kunawa uso.

Sasa najua gari la uwanjani huanza kutengenezwa pale panapolisimamisha, yaani kwenye breki. Deno bado anaenda, sikumkataza. Kabla ya kila safari analala chini na spana, mimi nakanyaga. Nikiridhika, kiti cha Neema kinatolewa. Akirudi, kiti kinarudi kwanza, ndipo anapakuliwa chakula.