Mpishi Asiyeketi

Mke wa fundi vioo alikuwa na wake wenza wengi, na hakuna hata mmoja aliyezidi kidole gumba. Ndivyo alivyowaambia wenzake kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na walicheka mpaka shuka zikawaponyoka. Wake wenza wenyewe walikuwa vijitu vya plastiki vyenye viungo shingoni, viwikoni, nyongani na magotini. Viliishi sebuleni, ndani ya kabati la kioo ambalo mume alilikata na kuliunga kwa mikono yake mwenyewe. Kitanda cha mume na mke kililia kila mtu alipojigeuza, lakini kitanda hakikupata fundi.

Fundi vioo alipokuwa mdogo, madukani kulikuwa na wanasesere wa kikosi kilichoitwa Walinzi wa Anga, wakubwa kama kiganja, na kila mtoto mtaani aliwatamani. Yeye aliambulia mmoja tu, tena aliyekwisha kung'oka mkono, akawa analala naye. Sasa mvi zimeshaingia, kiwanda nacho kikaamua kutoa upya kikosi kilekile, safari hii wadogo wadogo na wenye viungo vingi zaidi. Basi, mzee wa watu akanasa. Akaja kamanda, akaja rubani, akaja mpiga redio, na mwisho akaja mpishi wa kikosi na upawa wake mkononi. Huyo alitafutwa hadi ndugu wakaanza kuulizana kama mwenzao ni mzima.

Tuseme ukweli, mume huyu hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kupasua kioo cha mteja, akatukanwa mbele za watu, akarudi nyumbani na kusema "salama" tu. Lakini alikuwa na njia yake. Akifika, kabla hata ya kuvua viatu, alifungua kabati na kumshika kamanda. Kamanda akiinuliwa mikono juu, siku ilikwenda vizuri. Akisimamishwa wima, siku ilikuwa ya kawaida. Akiketishwa ukingoni mwa rafu, kichwa kimeinama, maana yake niacheni. Hakuna aliyemfundisha mkewe kusoma hayo. Alijifunza mwenyewe, taratibu, na akimkuta kamanda ameketi alibandika maji ya kuoga bila kuuliza kitu, akapunguza sauti ya redio, akamzuia hata binti yao aliyeolewa asimsumbue baba yake kwa simu.

Yeye nani alimsoma? Hapo ndipo palipomuuma. Kutwa alisimama juu ya saruji, akitoa shuka nzito kwenye mashine na kuzikunja, akitoa na kukunja, mpaka nyayo zikawaka moto. Akirudi, jiko linamngoja. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Dada yake mkubwa alikwisha kumwambia aende akakae kwake hata mwezi mzima, na mkoba alikuwa ameshaushusha kutoka juu ya kabati la nguo. Kitu kimoja tu kilimzuia. Alitaka mume wake aone, mara moja tu, bila kuambiwa. Akiona, mkoba utarudi juu. Asipoona, atakwenda, na siku ya kurudi ataipanga mwenyewe.

Kwa hiyo jioni moja, mume akiwa bafuni, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alifungua kabati la kioo, akamchukua mpishi, ambaye siku zote husimama nyuma ya wenzake, akamkunja nyonga na magoti na kumketisha mbele kabisa, kichwa kimeinama, upawa mapajani. Kisha akaenda kukatakata vitunguu, masikio yote sebuleni.

Mume alitoka bafuni. Kikafuata kishindo kidogo cha mlango wa kabati.

"Huyu naye," alisema kwa sauti ya kunung'unika, akamsimamisha mpishi mahali pake.

Kesho yake mke akamketisha tena. Mume akamsimamisha tena, akimchungulia kiunoni kama daktari. Ikawa ndiyo shughuli yao: huyu anaketisha, yule anasimamisha, na chakula kinaliwa, na vyombo vinaoshwa na yuleyule.

Jumapili asubuhi, mke akifua uani, alisikia harufu anayoijua. Aliingia sebuleni akamkuta mumewe ameketi, miwani puani, kichupa cha rangi ya kucha kikiwa wazi mezani. Ile isiyo na rangi, ya kwake, ambayo hakuigusa tangu harusi ya binti yao.

"Nimeazima rangi yako, mama watoto," alisema mume, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Nyonga za mpishi zimelegea. Kila nikirudi namkuta ameanguka chini, amekaa. Nimempaka kwenye viungo usiku, nikamwacha akauke." Akamgonga mpishi mezani, akasimama imara. "Umeona? Sasa hata akitaka kukaa, hawezi."

Mke alitaka kucheka. Badala yake akashika ukuta. Maji ya sabuni yalikuwa yakimtiririka viwikoni.

"Hakulegea," alisema.

"Amelegea. Nimemkagua mwenyewe."

"Baba watoto, hakulegea. Mimi ndiye niliyekuwa namketisha."

"Wewe? Kwa nini?"

Mke alikuwa amekwisha kusema zaidi ya alivyokusudia, na kama hilo nalo litahitaji tafsiri, basi mkoba uko palepale.

Mume aligeuka kulitazama kabati. Kamanda alikuwa ameketi ukingoni tangu jana, kichwa kimeinama. Akamtazama kamanda, akamtazama mpishi, halafu akamtazama mkewe kuanzia usoni mpaka kwenye zile nyayo zilizovimba, na furaha ikamtoka usoni yote.

Akavua miwani. Akamshika mpishi kwa vidole vya mikono miwili, akaanza kumkunja. Rangi ilikuwa imeshika. Mtu wa vijitu anajua kwamba kiungo kilichoshika hakilazimishwi, na huyu alikuwa akiwakaripia watoto wa ndugu zake kwa kosa hilohilo.

"Acha, utamvunja," mke alisema.

Alikunja. Ikasikika "ka!" na mguu mmoja ukabaki mkononi mwake. Alimketisha mpishi hivyohivyo mbele ya kamanda, akaulaza mguu pembeni yake. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akamshika mkewe bega na kumkalisha.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Siku nyingi."

Mume alitikisa kichwa. Akaenda uani, mke akasikia nguo zikikamuliwa vibaya na kuanikwa. Akarudi, akaingia jikoni. Sufuria ikagongana na sufuria, mfuniko ukaanguka, ukazunguka sakafuni mpaka ukatulia.

"Mama watoto, chumvi iko wapi?"

Miguu ya mke, kwa mazoea, ilijikusanya tayari kuinuka. Akaituliza.

"Itafute," alisema.