Hema la Vipimo vya Suti

Mjomba wangu ameshona sare za shule na suti za maharusi kwa miaka thelathini, katika chumba ambacho ukifungua mlango unagonga cherehani. Watu humwita Sentimita. Alipofikisha miaka hamsini na tano alinunua baiskeli ya matairi manene, akatangaza kwamba atavuka msitu kwa siku tatu, akilala humohumo.

"Wewe ukipanda ngazi unapumzika mara mbili," mkewe alimwambia. "Sikia, baba watoto. Ukitokea upande wa pili juu ya hiyo baiskeli, ni yako. Ukinipigia simu nikuletee gari, naigawa."

Mimi mpwa nikapewa baiskeli ya kuazima na kazi ya ushahidi.

Hema alijishonea mwenyewe. Jioni ya kwanza alilisimamisha kati ya miti miwili, akajiingiza.

"Mjomba, vipi?"

"Limenikaa," sauti ikajibu. "Limenikaa mno."

Alikuwa amejipima kama anavyopima wateja: wima, mikono ubavuni, kisha akaongeza sentimita mbili za mshono. Humo ndani hakuweza kukunja goti wala kugeuka.

Asubuhi magoti yalikuwa yamekauka kama kuni. Alipanda baiskeli mara tatu, akateremka mara tatu. Akatoa simu. Tulikuwa kilimani na mtandao ulikuwepo. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya.

"Nimpigie?"

"Mimi shahidi tu, mjomba. Shahidi hatoi ushauri."

"Shahidi gani hana hata huruma."

Akairudisha simu mfukoni, akatoa mkasi. Alipasua hema ubavuni, akakata koti lake la mvua, akakaa juu ya gogo akiunga kipande kwa mkono, magoti yakipata joto la jua.

"Miaka yote hii," alisema bila kuinua macho, "sijamuuliza mteja hata mmoja analalaje."

Neno lile lilinikaa kichwani njia nzima. Yeye alishalisahau, alikuwa akiitukana mizizi.

Mchana mvua ilimlowesha hadi jioni, lakini usiku ule alikoroma kama mtu aliyelipwa. Siku ya tatu, saa sita, tukatokea barabarani. Mkewe alikuwa anasubiri, macho yake kwenye matairi. Mjomba alikuja mwendo wa kinyonga, lakini miguu haikugusa chini.

"Haya, ni yako," mkewe akasema. Akalivuta hema kutoka kwenye mfuko, akakipapasa kile kiraka, akalipima kwa macho. "Sasa mtu wa pili analala wapi humu?"

Mjomba akachomoa futi yake ya kitambaa.

"Lala chini," akasema, "nikupime."