Msimu tuliopanga mechi kwa kuhesabu mwezi, na barua niliyoificha mfukoni

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Humu naona vijana mnabishana kila siku kuhusu ligi, VAR na makocha. Leo mnipishe kidogo, mimi nakaribia tisini na naandika kwa kidole kimoja. Nitakayosema ni ya kweli, na mengine yananiaibisha mpaka leo.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, huku kwetu Baraka, Kivu ya Kusini, Congo, pembeni mwa ziwa Tanganyika.

Nilikuwa moniteur, yaani mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nacheza namba saba. Kwa kuwa niliandika Kifaransa kizuri (nilijiona sana kwa hilo), nikapewa pia kazi ya secrétaire, yaani katibu wa timu.

Tulikuwa divizio ya pili. Timu tano tu: sisi Baraka, Fizi kule juu milimani, Mboko, Swima na Lulimba. Anayeongoza anapanda divizio ya kwanza, kule wanakocheza mpaka Uvira na Bukavu.

Msidhani ni ligi ya viatu na jezi za kung'aa. Wengi tulicheza peku. Mpira ulikuwa wa ngozi, ukilowa maji ukiupiga kichwa unasahau jina lako. Watu wa Lulimba walikuja kwa miguu siku mbili njiani, wanalala kwa jamaa zao, halafu bado wanakukimbiza dakika tisini. Wachimba dhahabu wale, mapaja kama magogo.

Sasa sikilizeni siri ya msimu ule.

Nusu ya timu yetu walikuwa wavuvi wa ndagala, yaani dagaa. Ndagala huvuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaji kwenye taa, wavuvi wanapumzika nyumbani. Kwa hiyo mchezaji wetu wakati wa giza anakuja uwanjani macho mekundu, wakati wa mbalamwezi anakuja kalala vizuri.

Msimu wa nyuma tulifungwa na Fizi manne kwa sababu hiyo hiyo. Fizi ni wakulima, wao wanalala kila siku.

Nikakaa na almanaki, ile kalenda ya misheni, nikahesabu mwezi. Nikapanda milimani mpaka Fizi, kwenye bureau, ofisi inayopanga mechi, nikaomba kwa adabu zote: Fizi na Lulimba tukutane nao wakati wa mbalamwezi. Mboko na Swima tukutane nao wakati wa giza, maana na wao ni wavuvi, wote tutakuwa tumechoka sawa. Karani akaona ni tarehe tu, akapiga muhuri.

Wakuu, ilifanya kazi. Fizi tuliwapiga kwao na kwetu. Lulimba tukawafunga mara moja, na mara ya pili sare. Watu sokoni wakaanza kuniita "moniteur wa mwezi". Nilitembea kifua mbele, sitaki kudanganya.

Mtu aliyeutaka ule ushindi kuliko wote alikuwa Amisi, kapiteni wetu, beki wa kati. Mvuvi, kiongozi wa kipe, ndivyo tunavyoita kikosi cha watu wanaovua pamoja. Alikuwa rafiki yangu tangu nikiwa mtoto, ila mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Goti lake lilikuwa limeanza kuvimba kila baada ya mechi. Aliniambia wazi:

"Mwaka huu ni ya mwisho kwangu. Mi nataka kucheza Bukavu mara moja tu, kiisha niache."

Mechi ya mwisho ilikuwa Swima, kwao, Jumapili, wakati wa giza. Fizi walikuwa wamemaliza mechi zao, wametuzidi pointi moja. Tukishinda tunapanda sisi. Sare au kufungwa, wanapanda wao, maana walituzidi pia kwa mabao.

Jumatano ya wiki ile akafariki mzee mmoja Swima, mwenye mitumbwi, wa upande wa mama yake Amisi. Habari ikafika kwetu. Amisi akasikitika, akasema kipe haiwezi kuingia ziwani bila yeye na giza linakaribia kuisha, Jumapili tunaenda kule kule, atalia na ndugu zake baada ya mechi.

Ijumaa nikiwa darasani, mama mmoja muuza ndagala akaniletea barua kutoka kwa secrétaire wa Swima. Fupi tu, kwa Kifaransa. Wako kwenye kilio, wanaomba mechi isogezwe wiki moja. Sheria ilikuwa hivi: timu ngeni ikikubali, bureau haina neno.

Nikatoa almanaki. Wiki inayofuata mwezi unaanza kuwa mkubwa. Swima watakuwa wamemaliza kilio, wamelala, wana nguvu. Lakini Jumapili hii watakuwa wamechoka kwa kulia.

Ndivyo nilivyowaza, wakuu. Naandika hivi na bado naona aibu.

Nikajibu kwa Kifaransa changu kizuri kwamba programu ni programu, ratiba haibadiliki. Barua yao nikaitia mfukoni. Amisi sikumwambia, kwa sababu nilijua angesema nini.

Jumapili asubuhi wavuvi wetu walitoka ziwani moja kwa moja mpaka kwenye loli ya pamba iliyotubeba. Mikono bado ina magamba. Amisi alilala njia nzima, kichwa kwenye bega langu.

Kufika Swima, kitu cha kwanza nilichokiona ni mitumbwi. Yote iko juu, imepinduliwa kwenye mchanga mkavu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa ziwa analijua. Mwenye mitumbwi akifa, pwani yake haivui mpaka kilio kiishe. Vijana wa Swima walikuwa hawajaingia ziwani tangu Jumatano. Wamelia mchana, usiku wamelala kwenye mikeka. Siku nne wamelala. Mimi, mtoto wa Baraka niliyekulia kwenye mchanga ule, nilihesabu mwezi kwa kalamu nikasahau hilo.

Na hayo bado si mabaya zaidi. Kapiteni wao alikuja kumsalimia Amisi, ni binamu yake, mjukuu wa marehemu. Akamshika mkono, akasema kwa upole:

"Tuliandikia ninyi barua, tukaomba tulie kwanza. Mukakatala. Haizuru, tutacheza."

Amisi aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama chini.

Tulifungwa mbili kwa moja. Bao letu nililifunga mimi, na sikulifurahia. Bao lao la pili, mshambuliaji wao alimpita Amisi kwenye mpira ambao siku nyingine angeuondoa amefumba macho. Miguu haikuinuka tu.

Hakuna aliyeshangilia sana. Swima walitoka uwanjani wakarudi kwenye mikeka yao, na Amisi akawafuata. Mimi nikabaki pembeni ya loli. Baada ya muda akatoka.

"Barua iko wapi?"

Nikampa. Yeye hakujua kusoma Kifaransa, lakini aliishika muda mrefu.

"Mwezi uliuhesabu muzuri," akasema. "Siye hukutuhesabu." Kisha, akiwa ameshageuka: "Kuya uikale na bantu. Bako na kilio."

Nikaenda nikakaa. Nililia, na watu walidhani namlilia marehemu.

Fizi wakapanda. Amisi hakucheza tena, goti lilikataa, na Bukavu hakuiona kama mchezaji. Hakuwaambia wenzetu habari ya barua, hata mmoja. Tulibaki marafiki, ila hakuniita tena moniteur wa mwezi, hata kwa utani. Afadhali angenitukana.

Miaka mingi baadaye akafariki. Bado nilikuwa secrétaire, safari hii wa timu ya vijana, na Jumapili ile tulikuwa na mechi nyumbani dhidi ya Swima. Nikaandika barua kuomba isogezwe. Nilisita kuituma, maana kama wangenijibu kwamba programu ni programu, nisingekuwa na la kusema.

Jibu lilirudi siku ile ile, kwa Kiswahili, mistari miwili: "Tumekubali. Tunakuja kulia nanyi."

Wakaja timu nzima. Walikaa siku tatu.

Funzo nililolipata: ukipanga jambo lako, waulize kwanza watu walio ndani yake, hasa yule unayejua atakukatalia.

Kama kuna wana-Baraka, Swima au Fizi humu, semeni babu zenu walisimulia nini kuhusu msimu ule. Na kama kuna mjukuu wa Amisi anasoma, mjukuu wangu, nitukane tu hapa chini. Babu yako hakunitukana, na mimi bado nasubiri.