Gemu ya Yasinta na Betri za Gaspari

Plastiki inayoanza kupata moto hutoa harufu ya utamu wa uongo kabla haijaungua. Juzi niliinusa sebuleni. Binti yangu alikuwa amekaa na gemu yake ya mkononi, anacheza huku ikiwa kwenye chaji. "Mama," akaniuliza, "nikiiongezea spidi kuliko ilivyotengenezwa, itaharibika?" Nikamkumbuka Gaspari, na hasira zikanipanda kana kwamba ni jana.

Gaspari alikuwa mtoto wa mama mkubwa, anakaa Arusha. Alichokuwa anafanya huko hakuna aliyewahi kukijua. Kazi yake niliyoiona mimi ilikuwa kuvaa koti la ngozi na kutuonea huruma sisi wa Dongobesh. Wakati ule mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, umekatwa kutoka Arusha, bibi zetu bado wanasema wako Arusha, naye alilifurahia hilo mno. "Nyie mmeshakatwa," alituambia. "Mtabaki huku na punda wenu."

Punda ndiye aliyemwangusha dada yangu Yasinta akitoka kuchota maji. Alivunjika mfupa wa paja, akalazwa hospitali ya Haydom, mguu umevutwa kwa kamba, na mwisho wa kitanda vinaning'inia vyuma vizito tulivyoviita mawe. Hakuruhusiwa kujigeuza wala kukaa. Wiki zikapita hivyo. Baba akamletea kutoka mnada wa Katesh gemu ya kupanga matofali, ile yenye kioo cha kijivu na mlio wa kukera. Mama hakuipenda hata kidogo. Kila siku alisema ataitupa chooni, maana mlio wake ulimfuata hata akisali. Mimi shule ilikuwa imefungwa, nilikuwa pale kumsaidia kufua na kupika.

Gaspari alikuja Jumamosi, mkononi hana hata ndizi. Alipita katikati ya wazee waliokuwa wanauguza wajukuu wao bila kutoa shikamoo hata moja. Akaichukua gemu mikononi mwa Yasinta, akacheka puani. "Inatembea kama nyie. Huku hakuna anayejua kuamsha kitu?"

Hoja yake ilitokana na redio. Betri za redio zikichoka, kwetu watu walifunga nyingine kwa nje kwa waya, nayo ikapata sauti. Basi gemu ikipewa betri za ziada, itapata mbio. Akachomoa betri kwenye tochi ya Mama, akamdanganya nesi kwamba amejikata ili apewe plasta, akazifunga betri hizo mgongoni mwa gemu. Na kweli ikakimbia. Haki hiyo nampa, ingawa inaniuma. Matofali yalishuka kama mvua ya mawe, watoto wa vitanda vya jirani wakashangilia, na Gaspari akajishika kiuno katikati ya wodi kama vile yeye ndiye daktari.

"Kaka, imekuwa ya moto," Yasinta alisema.

"Joto ndiyo nguvu yenyewe," akamjibu.

Kisha ile harufu. Kioo kikawa cheusi chote, mlio ukakatika.

"Mali za mnadani," alisema Gaspari, akaitupa kitandani. Akazunguka hadi mwisho wa kitanda. "Na huu mguu nao, wiki zote hizi? Haya mawe mbona machache?" Mimi sikumjali, nilikuwa naitikisa gemu ili ifufuke, na Yasinta analia.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Mama yangu hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kutia kitu mdomoni, hata mkusanya ushuru. Siku ile alitua sufuria chini, akamshika Gaspari ukosi wa lile koti, akamtoa nje. Hakupaza sauti. "Rudi kwenu. Uji huu si wako." Bibi wa kitanda cha pili akasema debe tupu haliachi kuvuma, na wodi nzima ikacheka.

Kwa miaka mingi lilinishangaza jambo hilo. Mtoto wa dada yake, afukuzwe na njaa yake kwa ajili ya kitu alichotaka mwenyewe kukitupa chooni? Gaspari hadi leo husimulia misibani jinsi mama mdogo alivyomnyima uji kwa sababu ya kikorokoro. Watu humhurumia, naye hula sahani mbili.

Binti yangu nilimjibu nilivyokuja kujifunza ukubwani. Mbio zenyewe huenda zisiiue. Kinachoiua ni joto, na umeme wa ziada unaolazimishwa ndani ili mbio ziwezekane. "Kwa hiyo nisijaribu?" akauliza. Nikamwambia ajaribu kwa kitu ambacho yuko tayari kukikosa.

Nilipolisema hilo ndipo nilipouona tena mkono wa Gaspari. Haukuwa kwenye gemu. Ulikuwa umeshika kamba ya mguu wa dada yangu, unapima uzito wa mawe, na Mama anamtazama kutoka mlangoni. Gemu ilikuwa imeshakufa; Mama hakuwa na shida nayo.

Yasinta anatembea vizuri, hachechemei hata akipanda mlima na mzigo. Na hadi leo anaamini kwamba kimoyomoyo Mama aliipenda sana ile gemu.