Ukoko wa Mama Husna

Wifi yangu Saida alimpikia daktari mmoja wa Kiajemi kule Upanga, mpaka yule daktari akarudi kwao. Sisi wengine tukitoka Dar tunaleta vitenge. Yeye alirudi kwetu Rahaleo, Mtwara, na mapishi.

Waajemi, anasema, kuku wanampika kwenye mchuzi mzito wa kokwa za jozi na maji ya komamanga. Jozi Mtwara utazitoa wapi? Saida anasaga korosho kwenye blenda, na badala ya komamanga anatia juisi ya mabibo aliyoichemsha mpaka ikawa nzito kama asali. Nilipoonja mara ya kwanza nilinuna, maana nilikuwa nimeshatangaza mtaani kwamba chakula chake hakiliki.

Tatizo ni wali. Wali wa Kiajemi sifa yake ni ukoko. Wanautengeneza makusudi, kwa mafuta na zafarani, na mgeni ndiye anayepewa kwanza. Saida kanunua sufuria isiyogandisha. Akiipindua juu ya sinia ukoko unatoka mzima, mwekundu, mzuri, sikatai. Lakini jamani, ukoko! Kwetu ukoko wanakwangua watoto jikoni. Tena msichana hapewi kabisa, kwa sababu akiula, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Hilo mtu hafundishwi.

Mwaka jana walikuja watu kumposa binti yake, Husna. Saida akawapindulia ukoko. Walikula, wakashukuru, wakaaga, na mpaka leo hatujawasikia. Husna alilia mpaka akavimba macho. Nikamwambia mama yake, "Umewapa wakwe ukoko, wifi, ulitegemea nini?"

Juzi ikaja posa nyingine, ya Shafii, kijana wa ghala la korosho. Huyu, Husna anampenda; akipigiwa simu anakimbilia uani. Wakaja kutoka Nanyamba baba mkubwa wa Shafii, Mzee Hashimu, na shangazi yake, Bi Rukia, mwanamke asiyecheka hovyo. Saida alipika tangu asubuhi. Akapindua sufuria, ukoko ukatoka haujameguka hata ukingo. Akautazama. Halafu akaubandua, akautia kwenye hotpoti na kwenda kuuficha chumbani, alikokuwa Husna, maana anayeposwa hakai na wageni.

"Leo sitaki makosa," akaniambia. Nilimhurumia, ingawa nilikuwa nimeshinda.

Wageni wakala. Mzee Hashimu akaongeza mchuzi, lakini Bi Rukia alikuwa anaupekua wali kama mtu aliyedondosha pete. Mwishowe akaacha kula.

"Mama Husna, na ule ukoko?"

"Ukoko gani, dada?" Saida akauliza.

"Shafii alituletea nyumbani kipande alichopewa na Husna, tukakigombania. Mimi nimetoka Nanyamba na mgongo huu kwa ajili ya huo ukoko. Au sisi si wageni wa kupewa?"

Lo! Saida akaniangalia. Mimi nikaangalia feni. Akainuka kwenda chumbani, nikamfuata. Husna alikuwa ameketi kitandani, hotpoti mapajani, tupu.

"Nilikuwa na wasiwasi, mama," akasema. Midomo ilikuwa inang'aa mafuta.

Saida hakumgombeza. Alichukua hotpoti, akarudi nayo sebuleni, akaiweka mbele ya wageni ikiwa wazi.

"Niliwaficha, niliona aibu," akasema, machozi yakimlenga. "Sasa mwanangu kaula wote. Nisameheni."

Bi Rukia akachungulia ndani. Akaokota kipande kidogo kilichobaki pembeni, akakitafuna taratibu.

"Kaula wote, huyu Husna?"

"Wote, dada."

Akamgeukia Mzee Hashimu. "Kaka, tukirudi uulizie turubai. Harusi yetu hii itanyeshewa."