Mapipa ya Bluu Nyuma ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tinde, Bwana Shamba wa Tarafa hakunipa hata kiti. Alinikabidhi banzi, yaani lile ganda la nje la gogo linalobaki mbao zikishapasuliwa, akaniambia ninuse.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya mti, mzee."

"Nusa tena."

Nikanusa. Lilinuka oili chafu. Akasema lilikuwa kwenye sakafu ya gereji, na mtu akilizungushia tuta la mchicha atakula gereji. "Binti, kabla hujauliza kitu kama kinafaa, uliza kilikuwa na kazi gani kabla ya kufika hapa." Alikuwa mkali yule mzee, lakini chuoni sikufundishwa jambo lililonifaa kuliko hilo.

Nawaambia ninyi maafisa ugani wa siku hizi, mnaochagua vifaa vya bustani kwa kutazama picha kwenye simu. Tuta la kuinuliwa ni tuta lenye ukuta. Unazungushia kitu, unajaza udongo na samadi, mboga inakaa juu ya maji ya masika. Kwetu lina maana, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mawe ndiyo bora, mchwa hawayali. Matofali ya kuchoma sawa, ila yawe yameiva. Mabichi mvua mbili tu yamerudi kuwa tope. Mabanzi ya mkaratusi unawapikia mchwa, ya muninga yanadumu. Nguzo kuukuu za umeme achaneni nazo kabisa, zimelowekwa dawa. Haya niliyahubiri Tinde na Didia mpaka watu wakawa wananitania barabarani, "Bi. Shamba, hili jiwe limetoka wapi?"

Kisha nikahamishiwa kata moja ya wachimbaji, upande wa Geita.

Zahanati ya pale ilikuwa na watoto waliodhoofu kwa utapiamlo, na kikundi cha kina mama kikataka bustani nyuma yake ili watoto hao wapikiwe mboga. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Kulwa, na wanawe mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa miongoni mwao. Nikawaelekeza wakusanye mawe, nikaenda likizo ya uzazi.

Narudi, nakuta matuta ya mapipa ya bluu yaliyopasuliwa katikati kwa urefu, yamepangwa kama vihori vya ng'ombe, mchicha umejaa.

"Mwangaluka, mayu!" Mama Kulwa alinisalimu Kisukuma, mayu yaani mama, anacheka. "Umeona mambo? Mkuu wa Idara katuletea kwa lori, na mchanga wake. Mlaini huo! Hauoti hata jani moja la magugu!"

Pale machimboni dhahabu iliyokataa kunaswa kwa zebaki huchenjuliwa kwa sayanaidi, sumu kali, na sumu hiyo huja kwa mapipa. Mchanga wenyewe ni mwamba uliosagwa, hauna mbegu ya gugu, na ukishachenjuliwa hutupwa. Mchanga usioota magugu, jamani! Nikachunguza ubavu wa pipa moja. Mahali pa picha ya fuvu, alama ya sumu, palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu, safi kabisa. Huwezi kukwangua fuvu bila kuliona.

"Watoto wameshakula?"

"Mara mbili. Wameupenda kweli."

Nilikwenda ofisini kwa Mkuu wa Idara ya Kilimo, bosi wangu, mbio mbio, mtoto mgongoni. Nikamwomba tupeleke mchicha na mchanga maabara.

"Maabara ya nini? Wageni wanakuja Alhamisi kuona matuta. Nimeombwa matuta, nimeleta matuta."

"Mkuu, yale ni mapipa ya sayanaidi."

"Yameoshwa."

"Kayaosha nani?"

"Bi. Shamba, wewe umetoka kujifungua, una uchovu. Nenda kapumzike."

Kapumzike! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Nilichukua jembe, nikaenda kung'oa mchicha wote, shina moja moja, na mapipa nikayatoboa mtu asije akayachotea maji. Mama Kulwa alinikamata mkono, akalia, akaniita mchawi mbele ya wagonjwa. Nikampeleka kwenye pipa, nikamwonesha palipokwanguliwa, nikamweleza palikuwa na nini. Akakaa chini palepale.

"Na waliokwisha kula, mayu?"

Alhamisi wageni walikuta mapipa yenye matundu, bila jani la mchicha, na kabla ya mwezi kuisha nikapata barua ya uhamisho kwenda Mhunze, eti kwa maslahi ya umma. Umma upi? Nikafungasha. Nilipaswa kuubeba ule mchanga mwenyewe mpaka maabara. Sikuubeba. Nilikuwa na mtoto mchanga, niliogopa kufukuzwa kazi, na hasira ninayomwonea Mkuu nusu yake ni yangu mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nipo Didia, nina matuta yangu ya mawe. Juzi juzi simu ikaita. Alikuwa yule Mkuu, naye amestaafu, sauti laini kama ya mkwe.

"Bi. Shamba wangu, nataka matuta nyumbani. Nishauri vifaa."

Nikamtajia mawe, nikamtajia muninga.

"Sawa, sawa. Ila mapipa yale sitaki, na mchanga utoke mbali na machimbo. Nina wajukuu hapa."

Nikamwambia nitampa fundi mzuri kuliko wote wa Didia, ila kwanza aniambie nani alikwangua lile fuvu. Akasema hayo ni mambo ya zamani, akakata simu.

Ya zamani kwake. Kulwa na Doto ni watu wazima sasa, na mmoja wao akiumwa hata kichwa tu, mama yao hunipigia. Hasalimii. Anauliza, "Mayu, ni ule mchicha?"