Alichosikia Orrin Mlangoni

Jirani yangu Orrin Haugland alifuga ng'ombe huku Montana maisha yake yote. Uzeeni akabaki na farasi jike mmoja, Juniper, ambaye kipupwe kile alikonda hadi mbavu zikaonekana. Binti yake, Marit, alikuwa amerudi nyumbani kumtunza mzee.

Asubuhi moja, Orrin akiwa mlangoni, alimsikia Marit jikoni akimwambia daktari wa mifugo kwenye simu: "Sawa, put her down for Saturday."

Kiingereza chetu kina mitego. Put down ni kuweka kitu chini. Ni kumlaza mtoto mchanga, ni kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake, ni kumwandika mtu zamu yake. Lakini mfugaji akiyasikia maneno hayo yakitajwa kwa daktari wa mifugo, huona sindano ya kumuulia mnyama.

Orrin hakuuliza. Alianza kumchunguza bintiye. Marit akimpelekea Juniper tofaa, mzee anawaza: anamuaga huyu. Marit akisema, "Baba, mbona huli?" anajibu, "Nakula," macho yakiwa kwenye mikono ya binti.

Ijumaa akaja kwangu, anamkokota farasi kwenye theluji.

"Lorne, nifichie."

"Nimfiche nani, farasi au wewe?"

"Acha utani, bwana. Wanataka kumuua."

Nikafungua banda.

Kesho yake Marit alifuata nyayo mpaka kwangu, daktari nyuma yake na tupa ndefu mkononi.

"Baba! Daktari kaja kumsawazishia meno! Yameota vibaya, ndiyo maana hatafuni. Nilimwambia amwandike Jumamosi."

"Ulisema put her down."

"Sasa ukadhani nitamuua bila kukwambia?"

"Gari langu si uliliuza bila kuniambia?"

Daktari akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Pale nilikosea," Marit akasema. "Niliogopa utagonga mtu, baba."

"Ungeniambia hivyohivyo."

Orrin mwenyewe alimshika Juniper kichwa wakati meno yanapigwa tupa. Theluji ilipoyeyuka, farasi alikuwa ameanza kujaa mwili. Mzee bado hasadiki upesi, ila siku hizi daktari akipiga, Marit huweka simu mezani na kufungua spika, wakasikiliza wote wawili.